Karatasi Moja Waliyoniuzia Mara Mbili

Jumatatu yule bwana mwenye mkoba, anayetafuta mafundi wa kupeleka Kanada, anarudi. Ameomba muda wa kuwapigia simu wakubwa wake wa Kanada, na sisi tumempa, kwa sababu mtu anayeomba muda ameshaanza kupunguza bei. Kati ya leo na Jumatatu kuna Jumapili tu. Ninyi wa karakana ya pampu ninawajua: mmoja atakwenda misa, mwingine atakwenda kwenye kanisa lao la ngoma na vipaza sauti, na wa tatu atapita hotelini alikofikia bwana huyo "kusalimia tu." Huyo wa tatu ndiye ninayemwandikia. Wengine mnaweza kusoma juu ya bega lake.

Siku nilipokabidhi ovaroli mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi. Nilikubali kama mtu anavyokubali mwaliko wa harusi ya mbali. Vyeo sitavitaja, waliovipata wanavitaja wenyewe. Mishahara nayo naiacha, maana mingine haikutajwa hata na waliopaswa kuilipa. Nitaandika juu ya pampu, juu ya Papa Kabwe, na juu ya karatasi moja ya Kanada. Nimeandika nikiwa na hasira. Nilijaribu kungoja ipoe, nikaona nitazeeka bure.

Siku ya kwanza nilishuka kiwandani kwa miguu kutoka mtaa wa Panda, hapa Likasi, nimevaa viatu vya kaka yangu vilivyojazwa magazeti kwenye vidole. Papa Kabwe, mkubwa wa pampu wakati ule, hakunipa mkono kwa sababu mkono wake ulikuwa na grisi hadi kwenye kiwiko. Alinipa kijiti, mpini wa ufagio uliokatwa.

"Luma," akasema.

"Papa?"

"Luma kijiti. Meno uko nayo, ao uliacha ku nyumba?"

Nikauma. Akashika ncha ya pili akaikandamiza kwenye tumbo la pampu ya tindikali iliyokuwa ikizunguka. Kichwa changu chote kikageuka kuwa kiwanda. Meno yalitetemeka, macho yakatoa machozi, na mafundi wengine wakaacha kazi ili waangalie vizuri.

"Unasikia nini?"

"Kelele, papa."

"Kelele hata soko iko nayo. Unasikia nini?"

Ilinichukua muda mrefu kuweza kumjibu. Ndani ya pampu kuna rulma, ile pete ya gololi inayobeba mhimili. Rulma yenye kiu ya grisi hulia kama mtoto mchanga, juu juu, kwa hasira. Rulma inayokufa haipigi kelele: inasaga chini kwa chini, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Ukumbi ule ulikuwa na makelele ambayo sikio haliwezi kuyachambua, lakini taya linaweza. Nasema hivi ili mjue mambo yalikuwaje, si kwa kujisifu. Baadaye Kanada walinipa kifaa kidogo cha kupimia mtetemo, na kifaa kile kilisikia vizuri kuliko taya langu, tena hakikuhitaji kwenda kwa daktari wa meno.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuhesabu boliti mara mbili kabla ya kufunga pampu. "Hesabu ya kwanza ni ya macho," alikuwa akisema. "Ya pili ni ya mashaka." Mke wangu Marceline anasema ugonjwa huu niliuleta nyumbani, kwamba nahesabu hata watoto wanapokaa mezani. Ni kweli. Na mtaona kwamba nilikuwa na haki.

Jambo la tatu halikuwa la kiwandani. Ghala letu lilikuwa likipungukiwa na vipuri, na pampu haingoji ghala. Basi Papa Kabwe alikuwa akinichukua hadi soko la Kikula, kwa wauzaji wa vyuma, kutafuta rulma ya saizi fulani. Huko nilimwona akifanya kazi yake kubwa kuliko zote. Muuzaji anataja bei. Papa Kabwe anaigeuza rulma, anaizungusha kidogo, anairudisha juu ya gunia taratibu kama anayelaza mtoto. "Aksanti, kaka." Halafu anaondoka.

Mara ya kwanza nilimfuata mbio. Akanishika shati.

"Weye, unakimbia nini? Ukikimbia, atajua hauna haja. Ukisimama, atajua uko na haja sana. Tembea sawa muntu anasindikiza maiti ya jirani ya jirani."

Tukatembea hivyo. Nyuma yetu muuzaji akaita: "Papa! Papa, kuya tuzungumuze!" Nikataka kugeuka. Papa Kabwe akanibana mkono.

"Bado. Wito wa kwanza ni wa haya. Hapendi benzake baone kiliya, munuzi wake, anatoka mikono mitupu. Wito wa pili njo wa bei."

Muuzaji akaita mara ya pili. Tukageuka. Kila mtu Likasi anaijua sheria hii, hata mama anayenunua sombe, majani ya muhogo, fungu moja. Muuzaji naye anaijua, na ndiyo maana inafanya kazi: ni ngoma ya watu wawili, na wote wawili wamefundishwa hatua zilezile.

Naruka miaka mingi ya katikati. Umeme wa bwawa la Koni ulikatika mara nyingi, matope yakaganda ndani ya mabomba mara nyingi, tukayachimbua kwa nondo huku mhandisi akituuliza kutoka juu kama tumekaribia. Papa Kabwe alistaafu, halafu akafa, kama ilivyo desturi ya kiwanda chetu kufanya mambo haya mawili bila kupumzika katikati. Nikarithi kijiti chake.

Kisha watu wa Kanada wakafika Lubumbashi kutafuta mafundi wanaojua Kifaransa na pampu za matope ya mawe. Kampuni ile sitaitaja jina, haijanilipa kuitangaza. Walinijaribu kwa video ya simu: nikafungua pampu na kuifunga mbele ya kamera, nikahesabu boliti, nikahesabu tena. Upande wa pili mtu akauliza kwa nini narudia. Nikamwambia, "Ya kwanza ni ya macho." Wakacheka. Wakanichukua.

Sasa sikilizeni bei waliyotaja, maana kila kitu kinatoka hapo. Nitakwenda peke yangu kwa kibali cha kazi. Nikimaliza mwaka wa kwanza, kampuni itanipa barua ya kuniunga mkono, na kwa barua hiyo nitaomba ukaaji wa kudumu. Faili likipokelewa, mke anaingia humo, na mtoto pia anaingia, mradi siku hiyo awe hajatimiza miaka ishirini na miwili. Hivyo ndivyo walivyosema, na mimi nikakubali. Kwa lugha ya soko: nilinunua. Bei yangu ilikuwa mwaka mmoja wa mikono yangu na wa kulala mbali na nyumbani.

Watoto wetu wakubwa wawili walikuwa na nyumba zao. Aliyebaki ni Solange, kitinda mimba, na wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimweleza mezani. Akaacha kula bukari, ugali wetu, akaanza kuhesabu kwa vidole, damu haipotei.

"Papa, ku karatasi yabo nitakuwa mutoto mupaka wakati gani?"

"Mupaka mbele ya kutimiza makumi mbili na mbili."

Akahesabu tena. "Basi njia iko. Lakini usilale ku njia."

Sikulala njiani. Fikeni Kanada mjue baridi ni nini. Mji ulikuwa mdogo, kiwanda kikubwa, msitu ukizunguka vyote viwili. Pampu zilikuwa nzuri na wenzangu hawakuwa wabaya. Kitu kibaya kilikuwa kibali chenyewe. Kilikuwa kibali kilichofungwa: jina la kampuni limepigwa juu yake kama chapa juu ya ng'ombe. Ng'ombe akitoka zizini, hana malisho mengine. Siku ya kwanza hukioni. Unakiona siku unapotaka kusema neno.

Mkubwa wa matengenezo alikuwa bwana mnene, mpole, asiyepandisha sauti. Mwaka ulipotimia nikaenda kwake kuomba barua yangu. Akaniambia, "Tutaona." Nikangoja majani yaanguke. Nikarudi. "Tutaona." Theluji ikaanza kuanguka. "Tutaona." Nikampa jina hilo, Bwana Tutaona, na Rodel, mchomeleaji kutoka Ufilipino aliyekuwa akingoja barua kama yangu, alijifunza kulitamka kwa Kiswahili safi kabisa. Kila Jumapili Solange alikuwa akipiga simu.

"Papa, wa Tutaona iko anaona nini?"

"Angali anatafuta miwani, mama."

"Umuambie minye ninazeeka. Nashaanza kusikia mugongo."

Alikuwa akitania, lakini nilijua anahesabu. Nami nilikuwa nahesabu, kila kitu mara mbili, na hesabu zote mbili zilikuwa zikitoa jibu moja.

Majira ya baridi ya pili Bwana Tutaona akaniita ofisini mwenyewe. Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa, imekosa sahihi tu. Kando yake kulikuwa na karatasi nyingine. Akanieleza kwa upole wake ule: atasaini ya kwanza, ila mimi nisaini ya pili, kwamba hata nikipata ukaaji wa kudumu nitabaki kwake miaka mingine minne, na simu za dharura za wikendi zitakuwa zangu.

Someni tena, polepole. Barua ile nilikwisha kuinunua. Nilikwisha kulipa mwaka niliotakiwa, na nusu ya mwaka juu yake. Sasa mtu ananiwekea mezani mali yangu mwenyewe na kunitajia bei mpya. Pale Kikula mtu akikuuzia rulma asubuhi, ukamlipa, ukaenda kunywa chai, ukarudi kuichukua akakuambia bei imebadilika, soko zima litasimama. Mama wa nyanya watasimama. Huyo hatauza hata msumari mwezi mzima.

Nikafanya kile nilichofundishwa. Nikairudisha karatasi mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. Nikasema, "Asante, bwana. Kwa bei hiyo, hapana." Nikasimama. Kule baridi inakusaidia kuondoka polepole, kwa sababu kuna koti la kwanza, koti la pili, skafu, kofia, glavu ya kushoto, glavu ya kulia. Nilivaa vyote kimoja kimoja. Nikafungua mlango. Nikaingia katika ukumbi wa karakana nikisindikiza maiti ya jirani ya jirani.

Nilipita mashine ya kukereza vyuma. Kimya. Nilipita meza ya Rodel. Akainua kinyago chake akanitazama.

"Ngoy, unatembea hivyo kwa nini? Umeumia?"

"Nangoja kuitwa."

"Na nani?"

Nikafika mlango mkubwa. Nikausukuma kwa bega, polepole, nikampa nafasi ya mwisho. Upepo ukaingia, watu wakapiga kelele nifunge. Hakuna aliyeniita. Si wito wa bei, wala wa haya.

Kesho yake Bwana Tutaona aliandika ofisini kwamba Ngoy hana haja na ukaaji wa kudumu. Hakuwa na ubaya wa pekee katika hilo; niliuliza, nikauliza tena. Kwao mtu akisema hapana, amesema hapana. Hakuna ngoma. Nilikuwa nimecheza peke yangu ukumbini, na makoti mawili.

Kuna mwenzetu mmoja hapa karakana aliyewahi kuniambia, "Basi, papa, kosa lilikuwa lako." Namjibu kwa maandishi. Mtu akikuibia mfuko, halafu wewe ukamkimbiza kwa njia isiyo sahihi, wewe umekosea njia. Yeye bado ni mwizi.

Kufungua tena mlango ule kulichukua miezi. Nilirudi ofisini, nikaambiwa mambo haya sasa ni ya idara nyingine. Idara nyingine ikaniambia yanamngoja mkubwa wa matengenezo. Rodel alisaini karatasi kama ile ya pili siku aliyowekewa. Wanawe wakafika, na majira ya joto niliwaona wakiendesha baiskeli mbele ya duka la mkate. Niliwapungia mkono. Naye Rodel akawa mtu wa simu za dharura, kila wikendi, shingo imeinama. Sijui hadi leo nani kati yetu alinunua ghali zaidi. Nimehesabu mara mbili, na kwa hesabu hii tu majibu hayalingani.

Solange alitimiza miaka ishirini na miwili wakati wa mvua. Alinipigia yeye.

"Papa, leo ni sikukuu yangu."

"Najua, mama. Bonne fête."

Nyuma yake nilisikia mvua juu ya mabati yetu, na Marceline akimwita aingize ndoo.

"Basi sasa ku karatasi yabo minye ni muntu mukubwa?"

"Njo vile banasema."

"Hapa ku nyumba mama ananituma maji mupaka leo." Akacheka. Mimi sikuweza. Akasema, "Papa, usilie, utamaliza kredi yangu."

Barua ilisainiwa majuma machache baada ya hapo. Bwana Tutaona alikuwa akipita karakana na kikombe cha kahawa, mtu wa ofisini akamkimbilia na karatasi, akaiweka juu ya kifuniko cha pampu niliyokuwa naifungua, akasaini akiwa amesimama. Hakukaa. Hakuweka kikombe chini. Karatasi ya pili, ile ya miaka minne, hakuitaja tena. Nadhani alikwisha kuisahau. Kitu kilichomnyima mwanangu njia kilichukua muda mfupi kuliko kupuliza kahawa ipoe. "Haya, hongera," akaniambia. Nilikuwa na ufunguo mkubwa mkononi. Nikahesabu boliti. Nikahesabu tena. Nikamaliza kuifunga pampu ile vizuri, kwa sababu pampu haikunikosea.

Faili likaenda na jina langu na la Marceline. Kadi za ukaaji zikakubaliwa. Marceline akaniambia kwenye simu: "Utanitumia picha ya baridi. Minye siache mutoto kwa sababu muntu alichelewesha kalamu." Kadi niliipokea, nikafanya kazi kidogo, nikarudi. Kukaa na kadi ile kunataka ukae katika nchi yao. Mimi nikaja kukaa katika yangu. Ilikwisha muda wake ndani ya kabati, pamoja na sahani za Noeli.

Mnakumbuka mlivyonicheka. "Ule alitoka Kanada na koti." Majirani walingoja kontena, wakaambulia kijiti cha ufagio nilichokwenda nacho na kurudi nacho. Padri wangu aliniambia nisamehe. Nikamwuliza kama kusamehe nako kuna tarehe ya mwisho, kama faili. Akasema hakuna. Nikamwambia basi sina haraka.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa nanyi, mnaijua. Wengi wenu nimewaumisha kijiti. Lakini aliyekiuma vizuri kuliko wote hakuwa na namba ya kiwanda. Solange alianza kukaa nami Jumamosi, nikitengeneza pampu ndogo za petroli za watu wa Kamatanda, zile zinazotoa maji mashimoni wachimbaji waweze kushuka. Akauma, akasikia. Sasa ana kibanda chake barabarani, ana vifaa, ana mtoto wa kiume aliyeitwa Kabwe ambaye bado ana meno ya maziwa. Wachimbaji wanamwita "Mama Pompe." Wakimletea pampu wakisema imekufa kabisa, anawaambia: "Kama imekufa, ulete sanduku. Kama inagonjwa, ulete petroli."

Bwana mwenye mkoba alipokuja kutafuta mafundi wa pampu, wanawake pia, Solange aliandikisha jina lake kabla hajaniambia. Aliniambia akiwa ameshika rulma, ili asinitazame.

"Papa, minataka kuenda. Mara hii ku jina yangu."

Sikumkataza. Wanaosema mimi nawakataza watu kwenda ni waongo, na ninawajua kwa majina. Nendeni. Kule kuna pampu nzuri, mishahara inafika, na hospitali haikuulizi kwanza mfuko. Nilimwuliza jambo moja tu, barua itatolewa lini. Akasema hajui. Ndipo nikakubali kuja nanyi mkutanoni, mliponiita "papa wa bei" huku mkicheka.

Mlikuwepo katika ukumbi wa parokia, lakini mlikuwa mkitazama picha zake za nyumba zenye bustani, kwa hiyo nawakumbusha. Niliuliza kwa adabu.

"Bwana, ile barua ya kampuni ya ukaaji wa kudumu. Tarehe yake imeandikwa wapi katika mkataba?"

"Papa Ngoy, mzee wetu," akasema, akitabasamu, "batoto bafike kwanza kule. Mambo ya barua, tutaona."

Nadhani alishangaa jinsi nilivyomtazama. Sikuwa nimelisikia neno lile tangu Kanada, na sikutegemea kulisikia kwa Kiswahili, mjini kwangu, kutoka kwa kijana ambaye huenda nimewahi kununua dagaa kwa mama yake.

"Sema tena," nikamwambia.

"Tutaona, papa."

Mara mbili. Hesabu ikalingana. Nikaurudisha mkataba mezani, taratibu. "Aksanti, kijana." Nikaondoka. Sikuwa na koti, nilikuwa na kofia tu, na goti langu sasa linanisaidia kwenda polepole bila kujifanya.

Nyuma yangu nikasikia kiti kikisukumwa. Kimoja. Niliijua hatua ile: viatu vya petroli, hatua pana, hatua ya mtu aliyewahi kuachwa nje ya faili na hataki kuachwa tena. Halafu kiti kingine. Halafu vingi. Wengine mliondoka kwa haraka kidogo, tutalirekebisha hilo. Mwenzenu Patient alikuwa wa mwisho, na aliangalia nyuma, nilimwona.

Tulipofika kwenye ua, bwana mwenye mkoba akatoka mlangoni. "Papa Ngoy! Papa, murudie tuzungumuze!"

Solange akanikaribia. "Papa, banakuita."

"Minasikia."

"Hatugeuke?"

"Bado. Ile ni ya haya."

Akaita mara ya pili, na mara hii alitoka hadi kwenye jua, bila mkoba. Tukageuka. Mlikuwa mkisikia nilichomwambia: tarehe ya barua ndani ya mkataba, kabla ya ndege. Majina ya watoto na umri wao kwenye ukurasa uleule. Hakuna karatasi ya pili baadaye. Hapo ndipo alipoomba hadi Jumatatu.

Sasa wewe wa tatu, unayepanga kupita hotelini. Nakuandikia jina lako, Patient, kwa sababu tumekula pamoja. Nitafurahi kama nimekosea. Wewe si kijana tena ila kwangu mimi, na mtoto wako mkubwa ana miaka kumi na tisa. Umri uleule aliokuwa nao Solange alipoacha kula akahesabu kwa vidole. Ukienda peke yako atakupa kalamu, utasaini, utaruka. Na kule, mwaka ukitimia, utamkuta bwana mpole mwenye kikombe cha kahawa, na utatembea ukumbi mzima hakuna atakayekuita. Bei inafanywa hapa Likasi, ambako yeye ndiye aliyekuja kututafuta, na anajua maana ya wito na ya mgongo. Hesabu umri wa mtoto. Halafu hesabu tena.

Leo asubuhi Solange alipita kuchukua kwangu mafuta ya mashine. Mwanawe alikuwa nyuma ya baiskeli, ameuma kijiti.

"Papa, na kama siku ya Lundi ule bwana haleti tarehe?"

"Tutatoka tena."

"Sisi bote?"

"Sisi bote. Pole pole. Tuko bengi, na ule mulango ya parokia iko mudogo. Ataona migongo moja moja."